Walishikana mikono, kufuli zikabaki mbili

Assalamu alaykum Bi Maalim,

Nakuandikia kutoka Mumias. Kwetu tumezaliwa watatu, baba mmoja mama mmoja: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume. Nimeolewa papa hapa mjini. Nikiinjika maharagwe naweza kwenda kumjulia mama hali nikarudi hayajachemka.

Baba alifariki miaka mitano iliyopita. Aliacha ploti moja kando ya barabara ya Bungoma, ina vyumba vinane vya kupangisha, kila kimoja shilingi 3,000 kwa mwezi. Shamba la miwa aliliuza mwenyewe akiwa hai, pesa zikaishia hospitalini. Kwa hiyo urithi ni hiyo ploti tu. Tangu arubaini ya baba, kaka ndiye anayekusanya kodi. Anasema baba alimwambia kwa mdomo, akiwa kitandani, kwamba ploti ni yake kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Ni kweli alimuuguza, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa akimbeba mgongoni kumpeleka msalani.

Mdogo wetu alikuwa Kisumu akiendesha bodaboda. Aliporudi na mke na mtoto akaomba haki yake. Akaambiwa subiri. Akasubiri miaka miwili. Siku ya pili ya Idi iliyopita akanunua kufuli, akafunga geti la ploti. Kaka alipofika akaweka na yake juu. Walitukanana mpaka mdogo akaokota jiwe, majirani wakamshika mkono. Tangu siku ile geti lina kufuli mbili na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoa yake. Wapangaji wametoboa ua upande wa nyuma. Juzi nilimwona mama mmoja mjamzito anapitisha beseni la nguo kwanza, kisha anapiga magoti anapita yeye.

Msikitini mmoja anakaa safu ya mbele, mwingine akishatoa salamu ya kumaliza swala keshavaa viatu.

Wazee wa msikiti walikuja kwa mama kuwapatanisha. Kikao hakikufika dakika 20. Mzee mmoja alisema shetani amepita, tusimpe kiti. Wakashikana mikono, Fatiha ikasomwa, pilau ikaliwa. Neno ploti halikutajwa hata mara moja. Asubuhi nilipita pale makusudi: kufuli bado mbili.

Nikaona nijaribu kivyangu. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na malaria, nikamwambia, "Kaka ameniuliza mtoto anaendeleaje." Hakuwa ameuliza. Nikamwambia kaka, "Mdogo wako amekuombea dua." Kwa siku chache nikaona wanalainika. Hapo tamaa ikanishika, nikamwambia mdogo kwamba kaka amekubali kumpa vyumba vitatu. Niliwaza nikishamtuliza huyu nitambana yule. Kumbe huyu alikwenda moja kwa moja kwa wapangaji watatu akawaambia, "Kodi sasa mniletee mimi!" Ukawaka moto ambao hata Idi haukuwaka. Sasa wote wawili wananiita mnafiki, na wifi yangu ameyaandika yote kwenye kundi la familia.

Wiki hii kaka ameleta karatasi kutoka kwa wakili, kwamba mama na mimi tumeachia sehemu zetu. Mama ameshaweka kidole. Ananiambia, "Weka na wewe yaishe, nataka nife nimewaona wanangu kwenye sinia moja." Nikienda kwa kadhi, anasema, sina radhi yake. Mume wangu anasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mjomba wetu, ndugu wa mama, ni mzee wa kanisa, na wote wawili wanamheshimu tangu utotoni. Yuko tayari kukaa nao, lakini kaka anasema mambo ya Waislamu hayamhusu.

Naomba unijibu, Bi Maalim. Uongo ule ni dhambi? Mimi mwanamke naweza kuwapatanisha wanaume? Na nikikataa kuweka kidole, ndiye mimi ninayekata udugu?

Dada wa Katikati, Mumias

*

Waalaykumu salaam warahmatullah, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye lile beseni. Watu wanalipa 3,000 kila mwezi halafu wanapita uani kama kuku. Nitarudi kwao.

Kwanza kidole. Usikiweke. Nalisema hili kabla ya aya na hadithi kwa sababu mwenye karatasi ana haraka. Ukiulizwa, jibu kwa upole kwamba hujamkataa ndugu yako, umeikataa karatasi, na unaomba hesabu kwanza. Kisha nyamaza. Usibishane naye mlangoni.

Wazee wenu siwalaumu sana, maana kosa lao nimelifanya mimi mwenyewe. Hapa Bondeni, Nakuru, ninasomesha darsa ya akina mama baada ya Alasiri. Wawili kati yao walikosana kwa pesa za chama. Mmoja alimkopesha mwenzake 12,000, na mwenzake akawa anamkwepa hata sokoni. Zilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani. Nikawaweka pamoja, nikawasomea hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ya milango ya Pepo kufunguliwa kila Jumatatu na Alhamisi, watu wakasamehewa isipokuwa wawili wenye uhasama, ambao husemwa juu yao: waacheni hawa mpaka wapatane. Wakalia. Wakakumbatiana. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa kama niliyepatanisha mataifa. Yule mdai hakuonekana darsani mwezi mzima. Nilimkuta kwa muuza sukuma, ameshika noti yake anasubiri chenji, akaniambia bila hasira yoyote, "Bi Maalim, ulinifanya nimsamehe mtu ambaye hajasema amenikosea."

Sikuwa na la kumjibu. Nilipofungua vitabu nikakuta nimelipita jambo ambalo nilisomeshwa nikiwa msichana. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, anasema sulhu, yaani mapatano, juu ya kukanusha haisimami. Yaani nikikudai, nawe ukasema sina changu kwako, kisha tukapatana unipe kidogo ili ninyamaze, mapatano hayo kwake hayana miguu mpaka kwanza ukiri. Abu Hanifa, Malik na Ahmad, maimamu wa madhehebu mengine matatu, wanayaruhusu, kwa kuwa mtu ana haki ya kununua utulivu wake hata kama haoni kosa lake. Hoja hiyo naielewa. Kwa watu wawili walioshtakiana sokoni huenda hata ningeichukua. Kwa ndugu waliotoka tumbo moja nimebaki na Shafi. Kukiri kwanza, mkono baadaye. Kikao chenu cha dakika 20 kilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe alikuwa ndani anakula pilau.

Sisi wa Nakuru tuliliona hili kwa ukubwa wake mwaka 2008. Mkataba wa kumaliza vurugu za baada ya uchaguzi ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari, viongozi wakashikana mikono, nasi mitaani tukaambiwa turudi tuishi kama zamani. Wako waliorudi wakakaa ukuta kwa ukuta na mtu aliyebeba godoro lao. Hakuna aliyesema "ni mimi". Wanasalimiana mpaka leo, lakini salamu ile ukiisikia unaijua.

Tazama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyofanya. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya msikiti, sauti zikapanda mpaka Mtume akasikia akiwa nyumbani kwake. Akatoka, akafunua pazia la chumba chake, akaita, "Ewe Kaab!" Akamwashiria kwa mkono: punguza nusu. Kaab akasema nimefanya, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo alipomgeukia mdaiwa akamwambia, "Inuka umlipe." Watu wakihadithia kisa hiki huishia kwenye nusu iliyosamehewa, kwa sababu ndiyo tamu. Mimi nakuomba uishike ile "inuka". Deni lilikuwa limejulikana kiasi chake, aliyeombwa kusamehe ni mwenye haki, hakuombwa yote, na msamaha na malipo vilitoka kwenye kikao kimoja. Kwenu aliyeombwa kusamehe ni nani, na alisamehe kiasi gani? Hata yeye hajui.

Kuna na aya ambayo bila shaka wazee waliisoma: "Hakika Waumini ni ndugu, basi patanisheni baina ya ndugu zenu." Hiyo ni ya 10 katika Sura Hujurat. Iliyo kabla yake, ya 9, huwa inarukwa kwa kuwa ni ngumu. Inasema makundi mawili ya Waumini wakipigana yapatanisheni. Na moja likilidhulumu jingine, lizuieni linalodhulumu, hata kwa nguvu, mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu. Na likirejea, yapatanisheni kwa uadilifu. Neno la kupatanisha limekuja mara mbili katika aya moja, na uadilifu umetajwa mara ya pili, pale ambapo wapatanishi wameshachoka na wanatamani tu jambo liishe. Usidhani aya hii ni ya majeshi peke yake. Anas bin Malik anasimulia ugomvi uliozuka Madina watu wakapigana kwa makuti, mikono na viatu, na kwamba waliambiwa aya hii iliteremka kwa ajili yao. Makuti na viatu, mwanangu. Na jiwe la mdogo wako limo humo humo.

Sasa hesabu. Baba ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Mke ana thumuni, sehemu moja katika nane. Kinachobaki mnagawana nyinyi watatu, mwanamume fungu mbili, mwanamke moja. Ukitaka isibaki kipande, igawe ploti mafungu 40: mama 5, kaka 14, mdogo 14, wewe 7. Kodi ya vyumba vyote vinane ni 24,000 kwa mwezi, hivyo fungu moja ni 600. Mama anastahili 3,000 kila mwezi, kila ndugu yako 8,400, wewe 4,200. Vyumba vikijaa, mwaka mmoja ni 288,000. Zidisha kwa mitano, kisha utajua kwa nini karatasi ina haraka.

Wala simwiti kaka yako mwizi. Aliyembeba baba mgongoni kumpeleka msalani ana thawabu ambayo sisi hatuwezi kuipima. Lakini thawabu haigeuki hatimiliki. Kama baba alimuusia ploti, Mtume alisema hakuna wasia kwa mrithi, na wanazuoni wamelichukua hivi: wasia wa namna hiyo haupiti ila warithi wengine waukubali kwa hiari baada ya kifo. Akisema ilikuwa zawadi, zawadi hukabidhiwa mtu mpaji yungali hai. Je, baba alimkabidhi? Nani alikuwa akichukua kodi siku zile? Ukiniambia ni baba mwenyewe mpaka mwisho, jibu umelipata. Kwa upande wake, lete na yeye hesabu yake: mabati aliyobadilisha, dawa, choo alichochimba, ada zote alizolipa kwa ajili ya ploti. Alichokitoa kwa ajili ya mali ya wote kiwekwe mezani. Huenda mkakuta mnamdai kidogo kuliko mnavyodhani, na huenda yeye akashangaa mtu wa kwanza kumuuliza "ulitumia ngapi" alikuwa wewe. Naona mdogo wako aliuliza "changu kiko wapi", na hakuna aliyemuuliza mkubwa alibeba nini peke yake miaka ile. Hapo pana kidonda pia.

Mama. Hapa nataka uende taratibu. Radhi ya mama ni kitu kizito na sitakwambia uipuuze. Lakini hajaambiwa kwamba na yeye ni mrithi. Nakisia kaka humpelekea sukari na unga kila mwezi, naye humshukuru na kumwombea. Ile sukari kanunuliwa kwa pesa zake mwenyewe. Usimwambie hivyo kwa maneno hayo, utamvunja moyo na utamchongea mwanawe. Siku hiyo ukienda usiyaache maharagwe yote jikoni. Hesabu punje 40, zitie kwenye kitambaa, uzimwage kwenye sinia mbele yake, lile lile sinia analotaka mle pamoja. Mtengee zake tano kwanza, uzisogeze karibu na mkono wake. Halafu 14, halafu 14, halafu saba. Mwache aziangalie. Kisha mwambie akitaka kumpa mwanawe hizo tano ni haki yake na hakuna wa kumzuia. Kwa wafuasi wa Shafi mtu kusamehe deni asilolijua kiasi chake hakusimami, na kodi ya miaka mitano ni deni. Kile kidole alikiweka gizani. Washa taa, kisha aamue tena.

Nawe pia, ukitaka kutoka kwenye ploti ile, sheria imekufungulia mlango: mrithi anaweza kujitoa kwa mapatano, akachukua kitu kinachojulikana badala ya fungu lake, jambo ambalo wanazuoni wanaliita takharuj. Kaka akikuambia, "Fungu zako saba nazinunua kwa kiasi fulani," na wewe ukaridhika, hiyo ni sulhu safi hata ikiwa chini ya bei ya soko. Karatasi aliyoleta haina bei, haina mafungu, haina hata idadi ya vyumba. Mtume amesema sulhu inafaa baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Fungu lako ni halali yako.

Uongo wako umegawanyika, na lazima tuugawe. Swahaba Ummu Kulthum bint Uqba alimsikia Mtume akisema si mwongo yule anayepatanisha watu, akafikisha kheri au akasema kheri. Wako wanazuoni waliosema ruhusa hii ni ya uongo wenyewe, na wako waliosema ni ya maneno yenye kubeba maana mbili tu. Tuchukue walio wakali. Ulimwambia kaka kwamba mdogo wake amemwombea dua. Mdogo huyo anaswali, na kila tahiyatu, dua ya kikao cha swala, anawatakia amani waja wema wote wa Mungu. Basi ikiwa kaka yako ni mmoja wao, ameombewa mara kadhaa kwa siku na mtu aliyemnunia. Hapo umepona. La mtoto kuulizwa hali ni jembamba zaidi, lakini linaingia katika kusema kheri, na natumaini Mungu atalipokea. Vyumba vitatu ni jambo jingine kabisa. Hiyo si kheri uliyoifikisha, ni mali uliyoigawa bila kuwa yako, na mtu akaenda kuidai. Ruhusa ya mpatanishi inahusu nyoyo. Haifiki kwenye mali.

Kwa hiyo nenda kwa mdogo wako umwambie, "Vyumba vitatu kaka hakuvisema. Nilivisema mimi." Nenda kwa kaka useme hivyo hivyo. Kwenye kundi la familia andika mstari mmoja, usijitetee, usimjibu wifi. Utaona aibu, najua. Lakini katika nyumba nzima bado hakuna aliyekiri kitu chochote tangu baba afe, na ukianza wewe utakuwa umewaonyesha namna inavyofanywa.

Kuhusu mwanamke kupatanisha, hili swali huniudhi kidogo, si kwako, bali kwa waliokutia wasiwasi nalo. Mwaka 628 Mtume alifanya mapatano na Maquraishi pale Hudaybiya. Mjumbe wao, Suhayl bin Amr, alikataa yaandikwe maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu", Mtume akakubali yafutwe yaandikwe "Muhammad bin Abdullah". Masahaba waliungulika vifua. Alipowaamuru wachinje wanyama wao na kunyoa, akasema mara tatu, hakuna aliyeinuka. Aliingia hemani kwa mkewe Ummu Salama akamweleza. Yeye akamwambia toka, usiseme na mtu neno, chinja ngamia wako, mwite kinyozi akunyoe. Alifanya hivyo, na watu wote wakainuka wakafanya. Sulhu kubwa kuliko zote katika maisha yake iliokolewa siku ile na shauri la mwanamke. Wewe huwezi kuingia kati ya kaka na mdogo kwa ajili ya ploti?

Ila huwezi kuwa mwamuzi, kwa sababu una mafungu saba ndani. Mwamuzi atafutwe kwingine. Qurani ilipozungumzia ugomvi wa mume na mke, katika Sura Nisaa aya ya 35, iliagiza mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke: watu wanaojua siri za nyumba. Mimi kwenu ningefuata mwendo huo. Kaka achague mtu mmoja, mdogo mmoja, na mjomba akae katikati. Kwamba ni mzee wa kanisa hakumzuii chochote. Kabla hajapewa utume, Muhammad alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Judaan agano la watu wa Makka kumsimamia aliyedhulumiwa, nao hawakuwa Waislamu, na baadaye alisema angeitwa tena kwenye agano kama lile ndani ya Uislamu angeitika. Mjomba hatagawa urithi. Mafungu Qurani imeshayagawa. Kazi yake ni kuwafanya waketi, wasikilizane, na daftari la kodi lifunguliwe. Kaka akisema hayamhusu, mwulize kwa adabu ni nani aliyemlipia nauli ya kwenda shule. Nabahatisha, lakini kwa wajomba wa huko kwenu sidhani nimekosea sana.

Vikao viwili, vitatu, vikishindikana, nenda kwa kadhi, na wala usione umeshitaki ndugu. Katiba ya 2010, ibara ya 170, imempa kadhi mamlaka juu ya urithi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali hukumu yake, na ibara ya 159 inazitaka mahakama zenyewe zihimize upatanishi. Mkipatana nyumbani, andikeni na mpeleke mapatano yakatambuliwe huko huko, ili watoto wenu wasirithi ugomvi pamoja na vyumba. Abu Daud amepokea kisa cha watu wawili waliomwendea Mtume wakigombania mirathi, wala hawakuwa na ushahidi. Akawaambia yeye ni binadamu, huenda mmoja wao ana ulimi mwepesi akamhukumia haki ya mwenzake, basi asiichukue, kwani anamkatia kipande cha moto. Wote wawili wakalia, kila mmoja akasema haki yangu ni yako. Hapo unadhani aliwaambia, "Vizuri, nendeni"? Aliwaambia wagawane, watafute iliyo haki, wapige kura ya kuchagua fungu, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake. Machozi yalikuja, na mgawanyo ukafanyika vile vile.

Mume wako naye akalime, shamba halikatai mkono. Lakini mwambie Mtume alisema kupatanisha watu ni daraja iliyo juu ya saumu, swala na sadaka, na kwamba kuharibika kwa uhusiano ni kinyozi: hakinyoi nywele, kinanyoa dini.

Mtume alikataza kumsusa ndugu zaidi ya siku tatu, na kwenu zimepita zamani sana, na aliye bora kati yao ni atakayeanza salamu. Hilo waambie wote wawili, kila mmoja peke yake, na safari hii usiongeze neno.

Kabla mjomba hajaja, jambo moja dogo lifanyike wiki hii. Kufuli zote mbili zitoke. Inunuliwe moja mpya, kila mpangaji apewe ufunguo wake, na kodi ya mwezi huu iwekwe kwa mjomba bila kuguswa mpaka daftari lifunguliwe. Wapangaji hawarithi kitu pale na hawamdai marehemu; wanachodai ni geti walilolilipia. Na yule mama wa beseni, mimba yake ni ya miezi mingapi? Hukuniambia.